Kikande wa Fundi Benjamini

Baba Padri, ndugu balozi wa nyumba kumi, majirani wa Mtaa wa Narung'ombe, mafundi wa Gerezani, na ninyi mliofika alfajiri kwa basi la Masasi, mimi ni Kasmir, mtoto wa mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, na nitayasoma yote, pamoja na lile ambalo baadhi ya wazee wa ukoo jana walitaka nilipite kimya.

Marehemu Benjamini Bakili alizaliwa tarehe 14 Machi 1929, kijijini Mwena, karibu na Ndanda, akasoma hapo misheni hadi darasa la nne, mwaka 1942, kisha akajifunza useremala kwa mabruda, waliomfundisha kwamba ubao haujamalizika mpaka kiganja cha mkono kipite juu yake bila kukwama. Juni 1953 alipanda meli Lindi akaja Dar es Salaam, akafanya kazi za vibarua, na mwaka 1961 akafungua karakana yake Gerezani. Wengi wenu hapa mmelala kwenye vitanda alivyovitengeneza, na kama mlimlipa kwa wakati ninyi ni watu wa ajabu.

Tarehe 8 Agosti 1958 alifunga ndoa na mama yetu Evarista, wakajaliwa watoto wanne, na kitinda mimba alikuwa Benedikta, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1973. Walipanga vyumba viwili katika nyumba ya uani, na katika chumba cha jirani alikaa mama Siwema wa Kilwa, mkaanga samaki, asiye na mtoto, ambaye alimbeba Benedikta mgongoni tangu akiwa na siku arobaini, kiasi kwamba mtoto alipolia usiku ilikuwa vigumu kujua anamwita mama yupi.

Mwaka 1979, baada ya vita, misasa ya kusugulia mbao ilipotea madukani kama ilivyopotea sabuni na sukari, ukienda duka la ushirika unaambiwa subiri, na kitanda hakisubiri. Ndipo marehemu alipomgundua kikande, samaki ambaye pale Feri wachuuzi walikuwa wakimtupa pembeni, kwa kuwa hana magamba ya kuparua bali ngozi ngumu yenye kukwaruza. Fundi alimchuna, akaianika ngozi juani, akaipigilia kwenye kigogo kwa misumari midogo, akasugua mninga, na mninga ukalainika. Gerezani nzima ikamwiga. Nyama ilikuwa nyeupe na nzuri, akawa anaileta nyumbani, Siwema anaikaanga, na uani kote watu wanakula.

Ijumaa tarehe 16 Mei 1980 alipata kikande mkubwa, urefu wa mkono mzima, mwenye michirizi ya buluu na madoa meusi ubavuni. Alimchuna mwenyewe, akampasua mwenyewe, akayatenga maini na matumbo kwenye kisahani, kwa sababu kwao Mwena kitu cha ndani cha samaki hapewi mgeni wala mkubwa, hupewa mtoto wa mwisho, ndiyo mapenzi ya baba. Siwema alivikaanga kama alivyoagizwa. Watu wazima wote walikula nyama na hakuna aliyeugua. Benedikta alikula vya kisahani, jioni ile akaanza kutapika, akalalamika kwamba miguu inambana, pumzi ikawa fupi, akakimbizwa hospitali, na madaktari walimhangaikia, lakini Jumamosi asubuhi alifariki. Daktari alisema ni sumu, na neno sumu, uani kwetu, lina maana moja tu.

Walisema wote tumekula samaki yule yule, mbona amekufa mmoja. Walisema mwanamke asiye na mtoto ana jicho. Walisema lisemwalo lipo. Kikao kiliitwa, Siwema aliulizwa, akajibu kwamba alipika alichopewa, na macho yake yakamwelekea fundi, na fundi akatazama chini. Wakati huo hakujua bado kuhusu samaki, alichojua ni kwamba kisahani kilitoka mkononi mwake, na hata hilo hakulisema. Siwema aliondoka siku ile ile na godoro kichwani, akaenda kukaa bonde la Jangwani, ambako maji yakijaa huingia hadi kitandani.

Jeneza la Benedikta alilichonga baba yake. Msasa haukuwepo mjini, hivyo alilisugua kwa ngozi aliyokuwa nayo, ya samaki yule yule, ilikuwa haijakauka vizuri.

Mwaka uliofuata, mzamiaji mmoja wa Feri, mzee Awadhi, ambaye yupo nasi hapa, alimkuta akichagua vikande, akamwambia kwa nia njema kwamba yule mwenye michirizi ya buluu matumbo yake hutupwa mbali hata na paka, kwa maana hula vitu laini vinavyoota kama maua kwenye mwamba, navyo vina sumu, na sumu hiyo hukaa tumboni na kwenye ini huku nyama ikibaki salama. Mzee Awadhi anasema fundi alikaa chini palepale kwenye maji ya samaki.

Kuanzia siku hiyo alianza kumfuata kikande baharini. Maji yakitoka alikwenda na Awadhi upande wa kisiwa cha Mbudya, akaazima kioo cha kuzamia, akachungulia kwenye majani ya bahari na kando ya mwamba. Alitusimulia tukimwona anapotea kidogo kidogo. Alisema kikande huinamisha kichwa chini, mkia juu, akayumba na majani mpaka usimjue, na rangi yake hufuata ya mahali alipo. Alisema ana kinywa kidogo na meno kama patasi, na juu ya macho ana mwiba, akiogopa hujitia kwenye ufa wa jiwe, akausimamisha, na hata ukimvuta hatoki. Na alisema ubavuni ni mpana kama sinia, lakini akikugeukia uso anakuwa mwembamba kiasi kwamba unadhani ameondoka, kumbe yupo, anakutazama.

Karakanani aliacha kazi katikati na kuuliza nani amemwita. Alisugua mbao zilizokwisha kulainika. Evarista alimsihi akamtafute Siwema, na fundi alifika mara nyingi hadi daraja la Jangwani, akarudi. Tuseme kweli, aliogopa, na gharama ya woga wake aliilipa mtu mwingine.

Vumbi la mbao lilimharibu kifua, akalazwa Septemba 1983, na tarehe 9 Novemba akafariki. Siku tatu kabla alituita akasema, "Someni kwamba Siwema hakumuua mwanangu, kisahani nilikitenga mimi. Msiposoma hilo, msinisomee kitu." Nimesoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wa Gerezani waliochonga jeneza hili bila malipo, mzee Awadhi, na majirani mliopika na kukesha, hata ninyi mliokuwepo kwenye kikao kile.

Tulikwenda Jangwani juzi, na mama Siwema amekuja, ameketi pale karibu na mlango, peke yake kwenye mkeka. Shikamoo mama. Desturi inanitaka nimalizie kwa kumwambia baba yangu mkubwa alale salama, lakini neno hilo tumeona si letu kulitoa. Ninaikunja karatasi, mama, na sisi sote tunanyamaza, tunakungoja wewe, umwambie apumzike au umnyime.