Fuwele Iliyowekwa Mahabusu

Mgeni rasmi, mkuu wetu wa kituo cha zimamoto, mama mwenye nyumba, uliyekubali kuja ingawa tunaona umechagua kiti kilicho karibu na mlango, majirani, na wanajukwaa wenzetu ambao wengine ndiyo kwanza leo tunaziona sura zenu:

Karibu

Sisi wanachama wa Jukwaa la Kemia ya Nyumbani tunakukaribisha, mgeni rasmi, kwenye maonyesho yetu ya kwanza. Tumefurahi zaidi kwamba safari hii umeingia kwa kualikwa. Mezani mbele yako pana ndimu, magadi, chumvi na chupa za rangi rangi. Hakuna kinacholipuka. Tunalisema mapema kwa sababu tumemwona dereva wako akiuliza njia ya kutokea.

Tulikotoka

Jukwaa letu linaishi kwenye simu. Yumo mfamasia mstaafu, yumo fundi betri, yumo mwalimu wa chekechea, na yumo kinyozi huyu anayekusomea, aliyechaguliwa kwa kuwa amezoea kuongea na watu walioketi wasioweza kukimbia. Ugonjwa wetu ni mmoja: tukiona kitu kimebadilika rangi, hatutulii mpaka tujue kwa nini. Tunatumiana picha, tunaulizana, tunabishana hata juu ya kutu. Anayeuliza namna ya kutengeneza dhahabu tunamtania kidogo, kisha tunamwelekeza. Anayeuliza namna ya kulipua kitu tunamwonyesha mlango.

Miongoni mwetu yupo mama mmoja, fundi cherehani mstaafu, tunayemwita Bibi Mrututu. Alishona magauni ya maharusi kwa miaka mingi, mpaka mikono ikaanza kumtetemeka na sindano ikakataa uzi. Binti yake anayeishi mbali alimnunulia simu ili wawe wanasalimiana. Mama akaitumia kutafuta kazi isiyodai mkono uliotulia, ndipo akatuangukia sisi. Mfamasia akamfundisha kuyeyusha mrututu, ile chumvi ya bluu, katika maji ya moto, kuning'iniza punje yake kwa uzi na kuiacha. Punje hunenepa taratibu, ikawa fuwele yenye pande kama imechongwa.

"Hii haina haraka," Bibi alituandikia, "na wala hainitazami mikono."

Tangu hapo hatukupumua. Picha za bluu asubuhi, picha za bluu jioni.

Mkasa wa kabichi

Alasiri moja Bibi alichemsha kabichi ya zambarau. Maji yake ukiyatia ndimu hugeuka mekundu, ukiyatia magadi hugeuka kijani, na alitaka kutuonyesha. Lakini kabichi hiyo ikizidi moto, mgeni rasmi, hunuka kama yai lililosahauliwa. Msusi wa chumba cha pili alipoisikia harufu, akatoka mbio na wateja wake, mmoja kasukwa nusu kichwa. Mama mwenye nyumba akakupigia simu. Bibi alikuwa uani, bomba limefunguliwa, anaosha chupa. Hakusikia hodi yako. Akasikia mlango ukianguka.

"Mama, toka nje! Gesi!" ulisema.

"Gesi ipi, mwanangu? Kabichi hiyo."

"Na hii ya bluu?"

"Hiyo yangu. Tafadhali usiitikise."

Ukaitikisa.

Hatukulaumu. Aliyeitwa kuokoa hasubiri kufunguliwa, na sisi wenyewe tungetaka uje vivyo hivyo siku ya siku. Ulivipeleka vyombo vyote kituoni hadi uchunguzi ukamilike, pamoja na fuwele iliyokuwa bado inakua. Mama mwenye nyumba naye akatoa hukumu yake: "Mambo ya maabara chini ya paa langu, basi. Ukirudia, utafute pengine pa kuishi."

 Jukwaani picha za bluu zikakatika, nasi tuliokuwa tunazilalamikia tukaanza kuziulizia. Binti yake akatuandikia: "Jamani, mama yangu mmemwona? Nikimpigia anasema mzima. Jirani anasema anashinda ameketi, anaitazama mikono yake."

Tulimwandikia vichekesho.  Fundi betri akaenda hadi kwake kumtengenezea bawaba za mlango. Akapewa chai, hakupewa maneno.

Mwanachama mpya

Ndipo akajiunga mtu aliyejiita Maji Tu. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Ukiwa na chupa yenye kitu cha bluu na jiwe linaning'inia ndani, unakimwaga wapi?"

Tulianza kumjibu wote kwa pamoja, kama kawaida yetu ya kutosikilizana. Kabla hatujamaliza, jina la Bibi likatokea.

"Usimwage! Funika kwa karatasi. Weka mahali pasipo mtikisiko. Nani amekuruhusu kugusa kitu usichokijua?"

"Samahani, mama. Imemeguka kona."

"Itapona. Usiiharakishe."

Kuanzia hapo wakawa wawili hao. Maji Tu anauliza, Bibi anafoka, na katikati ya kufoka anafundisha. Alimwita mzembe, akamwita kichwa maji, na siku fuwele ilipoanza kujaza kona yake alimwita mwanangu. Sisi tulikaa kimya tukisoma, jambo ambalo jukwaani kwetu ni muujiza.

Siku moja Maji Tu akatuma picha. Kwenye kioo cha dirisha, nyuma ya chupa, lilionekana gari kubwa jekundu. Kinyozi wenu akaliona, akalikuza, akacheka peke yake hadi mteja akauliza kulikoni. Lakini Bibi hakuliona gari. Aliuona uzi.

"Fundo hilo," aliandika, "nalifunga mimi peke yangu."

Tukasubiri dhoruba.  Tunadhani, mgeni rasmi Maji Tu, kwamba huko kituoni ulikuwa unatoka jasho. Kisha Bibi akaandika tena: "Isogeze mbali na dirisha. Jua likiipasha, itayeyuka yote uliyoihangaikia."

Ukaisogeza. Ukatuma picha kuthibitisha. Usione haya, mkuu. Tulikujua, tukakupenda, tukakualika.

Changamoto

Hatuna mahali. Kila mmoja wetu anafanyia kemia yake pembeni ya sufuria za mtu mwingine, na kila nyumba ina mwenyewe. Majirani wakitusikia tunataja asidi, hudhani tuna mabaya, kumbe ni siki. Tena tunakiri kwamba baadhi yetu ni wasumbufu, tunachafua masinki, na mwalimu wa chekechea alishaharibu mapazia ya mumewe.

Maombi

Kituoni kwako kipo chumba cha zamani cha kukaushia mipira ya maji. Kina madirisha mapana, kina bomba, na hakina jirani wa kusuka nywele. Tunaomba tukitumie mchana mnapokuwepo, mtukague mtakavyo, mtufundishe kuzima kile tusichotarajia kuwasha.

Kwa mama mwenye nyumba, tunaomba umwache Bibi akae chumbani kwake kwa amani. Chupa zitahama. Yeye asihame.

Tulipomuuliza Bibi Mrututu tumwombee nini, tulidhani atadai vyombo vyake. Ameketi mstari wa tatu, amekataa kuja mbele, amekataa kusoma. Anasema sauti imeanza kuiga mikono. Maneno yake tunayasoma kama alivyoyasema:

"Mwambieni fuwele asiirudishe. Ikihamishwa sasa itavunjika. Aendelee nayo. Ila aniwekee kiti hapo mezani pake, niwe naenda kuitazama. Na akiwa na nafasi, aniulize kitu."

Mwisho

Mgeni rasmi, tunakuombea mabomba yenye nguvu, kengele zenye ukimya, na vijana wako wote warudi kwao salama kila zamu inapokwisha. Mwenyezi Mungu akuzidishie subira, maana mama huyu ana majibu mengi kuliko maswali yako.

Ni sisi,
Jukwaa la Kemia ya Nyumbani, pamoja na mwanachama wetu Maji Tu, ambaye hatukumwomba saini kwa kuwa ndiye anayesomewa.