Geti la Njia ya Kolter

Mheshimiwa Meya wa Bracken, Bwana Mkuu wa Idara ya Barabara, Mchungaji Haldane, madereva wa magreda na wenzangu wa kituo cha theluji, Bi Lorene Quillen, ndugu wageni waalikwa kutoka pande zote mbili za mlima, mabibi na mabwana, habari za mchana.

Mkuu wa Idara amenisifu kwa dakika ishirini, na muda wote nilikuwa natamani kumfahamu huyo mama anayemsema. Mimi ninayemjua ana miaka sitini na miwili na magoti mabovu, na leo anastaafu. Kwa majira ishirini na tisa ya baridi ameamka alfajiri, akapima theluji, akatazama upepo, kisha akatakiwa kusema neno moja kati ya mawili kuhusu geti la barabara ya mlimani: fungua, au funga. Nimechoka, ndugu zangu. Sisemi hivyo ili mnihurumie. Nasema kwa sababu uchovu ndio niliokuja kuuzungumzia.

Nani kati yenu hajawahi kunitukana getini? Msiinue mikono, nawajua. Kuna dereva wa lori la maziwa aliyeniita mchawi. Kuna mwenye hoteli mmoja, naye yuko hapa anakula keki yangu, aliyenipigia kelele katikati ya duka: "Verna, jua linawaka! Hiyo theluji yako iko wapi, kichwani mwako?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda nyumbani nikiwa nimesahau mkate niliokwenda kununua.

Lakini matusi hayamuui mtu. Niwaambie kilichoua.

Wengi wenu mnaikumbuka ile dhoruba ya miaka kumi na minne iliyopita. Theluji ilianguka siku tano mfululizo, futi sita nzima, juu ya theluji ya zamani iliyokuwa imelegea kama sukari. Nilifunga njia. Siku ya nne mkate ulikwisha madukani, na wagonjwa wawili waliotakiwa kuvuka mlima kwenda kusafishwa damu walikuwa wanahesabu saa. Simu yangu haikunyamaza. Siku ya tano jua likatoka. Kwa siku zote hizo nilikuwa nimelala kama saa saba, ukizijumlisha.

Asubuhi ile tulilipua baruti kwenye miteremko minne iliyo juu ya barabara, ili theluji iporomoke kabla magari hayajapita. Mitatu ikaporomoka. Wa nne, huu tunaouita Bibi Hattie, haukutikisika. Mtu aliyepata usingizi angejiuliza: mbona huyu amenyamaza? Mimi nilijiambia: huyu ameshatulia.

Saa nne nikamwita redioni Dorsey Quillen, aliyekuwa anasubiri getini na greda lake la kusukuma theluji.

"Dorsey, pita usafishe."

"Bi Verna, una uhakika au una usingizi?"

"Vyote viwili."

Tukacheka. Sikuzungumza naye tena.

Dakika kumi na mbili baadaye theluji yote ya Bibi Hattie ilishuka, kutoka kileleni mpaka mtoni. Tulipofika, barabara haikuonekana ilikokuwa. Tulidunga theluji kwa fimbo ndefu kumtafuta, tukachimba kwa koleo, watu thelathini. Baada ya saa moja na robo tulilipata greda limelala ubavu, vioo vimevunjika, na theluji imejaa ndani mpaka juu. Dorsey alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Wale wagonjwa wawili walichukuliwa na helikopta alasiri hiyohiyo, maana anga ilikuwa imetakata. Ingeweza kuja tangu asubuhi. Sikuuliza. Unajua kwa nini mtu haulizi jambo rahisi namna hiyo? Kwa sababu kichwa kilichochoka huona mlango mmoja tu, na kinauendea huo huo.

Nilikwenda mwenyewe kwa mkewe. Lorene alikuwa jikoni, unga mikononi.

"Nani alifungua?" akaniuliza.

"Mimi."

"Ulikuwa umepata usingizi?"

"Hapana."

Akafunga mlango taratibu. Nilitamani aubamize.

Kamati ilichunguza, ikaandika kwamba nilifuata utaratibu. Ni kweli, niliufuata. Utaratibu haukuwa na mahali pa kuuliza kama mtu amepata usingizi.

Miaka miwili baadaye idara ilitangaza kazi ya mlinzi wa geti, anayeshika ufunguo wake, na aliyeingia ofisini kwangu na barua ya maombi alikuwa Lorene. Akaniambia: "Sijaja kukusamehe. Nimekuja kukaa na ufunguo."

Dhoruba ya kwanza tuliyofanya kazi pamoja, nilimpigia nikamwambia afungue. Akauliza, "Umelala kwa saa ngapi?"

"Tatu tu."

"Basi halifunguliwi. Nenda kalale."

"Lorene, mimi ndiye msimamizi."

"Na ufunguo ninao mimi. Mfukuze kazi mjane wa Dorsey, nione."

Nikaenda kulala. Mngependa niwaambie kwamba nilipoamka mlima ulikuwa umeshuka juu ya barabara tupu. Haukushuka. Siku nzima hakikudondoka hata kibonge cha theluji, na mlinitukana kama kawaida. Lakini niliutazama mlima kwa macho yanayoona, na nilipofungua, nilijua kwa nini nafungua.

Tangu hapo ni majira kumi na mawili, na hakuna mtu aliyefukiwa kwenye Njia ya Kolter. Msidhani mimi na Lorene tumekuwa marafiki. Hatujawahi hata kunywa kahawa pamoja. Sijamwuliza kama amenisamehe. Hilo ni lake. Ila mkinisifu mimi mkamwacha yeye, mtakuwa mmemsifu asiyestahili.

Bwana Mkuu wa Idara, swali la Lorene mpaka leo halimo katika kanuni zako. Liandike. Na usimwachie mtu mmoja kazi hii siku tano tena. Hilo ndilo ninaloliomba. Saa hii ya ukutani mliyonipa ni nzuri, lakini ningeirudisha leo kwa ajili ya hilo.

Nina tangazo, kisha nakaa. Teodora Archuleta, anayechukua nafasi yangu, ameniambia kabla sijasimama hapa kwamba njia inafungwa saa tisa kamili. Wageni wa upande wa pili, chukueni makoti yenu sasa, keki mtafungiwa mwende nayo. Nimechungulia dirishani, na kwa kweli mimi ningesubiri mpaka saa kumi. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Asante, Bi Verna. Ni saa tisa."

Kwa masikio yenu ya leo, na kwa kunivumilia miaka yote hii, nawashukuru sana. Endesheni polepole.