Nduma Nilizokula Kabla ya Sindano

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi ninyi wa kikundi cha maombi mlipobisha mlango wangu hapa Karurumo. Ndugu zangu, asifiwe Bwana anayelinda pumzi zetu! Nashuhudia nikiwa na hasira, na sitaificha.

Mlijua naenda Embu kung'olewa gego nikiwa nimelazwa usingizi. Daktari wa meno alikuwa ameniandikia nisile chochote tangu saa sita usiku, kwa maana chakula kikipanda mtu akiwa amelala huweza kuingia mapafuni. Karatasi hiyo niliibandika ukutani. Niliisoma mara nne.

Mliniombea vizuri. Kisha, kwa kuwa kwetu watu hawaombi katika nyumba wakatoka midomo mikavu, mkafungua chupa ya chai na sufuria ya nduma, magimbi yaliyochemshwa, mliyokuja nayo. Nikakataa. Mzee wa kikundi akaniambia, "Baba Wanja, hiyo karatasi imeandikwa na mtu. Hii chai imeombewa. Ama imani yako imeishia kwa gego?"

Mkacheka nyote! Nikaona aibu, nikala vipande viwili na kikombe cha chai.

Kule hospitalini Embu nesi aliponiuliza kama nimekula, nikasema sijala. Ndugu zangu, nilidanganya mbele ya mke wangu aliyeniona nikila, naye kwa kunistahi hakunisaliti. Wakanidunga sindano ya mshipa.

Yaliyofuata niliambiwa. Nilitapika usingizini, nikapaliwa, midomo ikabadilika rangi. Walinigeuza ubavu, wakanyonya matapishi kwa mashine, wakanipa oksijeni. Nilizinduka gego likiwa bado mahali pake. Daktari alisema tu, "Mzee, ungekufa kwa sababu ya nduma."

Bwana hakuniacha! Siku hiyo alinifungua kutoka kwa kuogopa kicheko chenu.

Wiki tatu baadaye nilirudi, baada ya kulala nimefunga lango kwa kufuli. Gego likatoka. Mke wangu alishinda nami siku nzima, akaficha panga na ufunguo wa pikipiki kama tulivyoagizwa, kwa kuwa dawa ya usingizi huchelewa kuisha mwilini. Nikamwambia, "Mama Wanja, mimi ni mzima." Papo hapo nikamwaga uji wote kifuani.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu. Mtumainini, kwa sababu ndiye aliyempa daktari akili. Njoni mniombee tena, lakini chupa ya chai ibaki kwenu. Ile safari ya kwanza ilinipotezea shilingi elfu saba na mia tano.