Asali ya Litapunga na Moyo wa Mama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye pumzi ndefu, asifiwe pia na wale ambao pumzi zao zimekuwa fupi, kama mama yangu aliyeketi pale benchi la mbele.

Mimi ni Neema, mwalimu wa shule ya msingi kule Kawajense, lakini nimezaliwa na kukulia hapa Litapunga. Mama mnamfahamu, ndiye aliyeongoza wanamaombi wa kanisa hili. Alikuwa na kisukari na presha, na mwili wake ulinenepa kiunoni, jambo ambalo sisi tuliliita baraka. Kila tulipotangaza maombi ya kufunga, aliweka vidonge kando, na jioni akafungua kwa kikombe cha asali kutoka mizinga ya baba. Ndivyo tunavyofungua sote hapa.

Nilipomsihi aache, baba alicheka. "Mwalimu, inayoua ni sukari ya dukani. Hii kaipika Mungu mwenyewe!" Akina mama wa maombi nao wakamwambia, "Mama Neema, wewe ndiye nguzo. Ukila mchana, sisi tutafunga na nani?"

Mama alitabasamu, akafunga.

Ndugu zangu, alianza kuhema akitoka kisimani. Miguu ilivimba. Kulala chali kulimshinda, akawa analala ameegemea ukuta. Kifua hakikumuuma hata mara moja! Tuliita uchovu, kisha tukaita vita vya kiroho, tukakemea. Jumapili moja aliinuka kuanzisha pambio, sauti haikutoka. Mlimwona akianguka hapa, mbele ya mimbari, jasho la baridi likimtiririka.

Hospitalini Mpanda daktari alituambia kwamba moyo ule ulikwisha kujeruhiwa kabla ya siku hiyo, nasi hatukujua, kwa kuwa kisukari kilikuwa kimefisha neva zinazopeleka maumivu.

"Mkichoma shamba jipya," alisema, "kisiki hubaki kinafuka ndani kwa ndani. Juu mnaona majivu, chini ni makaa. Sukari, presha na mafuta ya tumboni huiunguza mishipa ya damu namna hiyo. Mwili hupigana bila kupumzika, kuta za mishipa huvimba, mafuta hunasa humo, njia ya kwenda moyoni ikaziba."

Baba akauliza taratibu, "Hata asali, daktari? Ya msituni?"

"Mzee wangu, damu haiulizi utamu umetoka duka gani."

Baba alitazama viganja vyake. Alikuwa amempelekea mama ile asali kwa upendo, miaka yote, na sikuwahi kuona mtu aliyevunjwa hivyo na upendo wake mwenyewe.

Tulikaa pale tukisubiri kifo. Kisha mama akafumbua macho, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Neema, vidonge vyangu viko wapi?" Nililia! Hapo nilijua Bwana amemfungua.

Sitawadanganya. Moyo haukurudi ulivyokuwa. Jembe ameliacha, na pambio akilianzisha huishia mstari wa kwanza, akapumzika. Sishuhudii moyo mpya. Nashuhudia kukatika kwa kifungo kilichotufanya tuamini kwamba kumeza dawa ni kumkana Mungu. Namshukuru Mungu kwa kila pumzi fupi aliyotubakizia.

Kesho tunaanza tena maombi ya kufunga. Nawasihi: kabla hujafunga, kapime sukari na presha. Mwenye dawa asiiache, na amuulize daktari kwanza kama afunge. Mtumaini Bwana; Yeye hatishwi na kipimo chako.

Mama atakula chakula chake mchana, mbele yenu, na mtu yeyote asimwonee huruma wala aibu. Naye anafunga. Amefunga kuonja asali ya mume wake, na mfungo huo hauna jioni ya kufungua.