Roukaya Combo, Aliyewauliza Wote Swali Moja

Bi Roukaya Combo, ambaye leo tumemrudisha kwa Mola wake, alizaliwa Patsy, juu ya mji wa Mutsamudu, tarehe 9 Machi 1944. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Combo, mshona kanzu, na marehemu mama Charifa. Baba yao alifanya kazi Unguja miaka mingi, akarudi mwaka 1951 na cherehani moja na Kiswahili kingi, na nyumbani kwake hakuna aliyeruhusiwa kukisahau. Ndiyo maana mdogo wa marehemu, Mouhidine, anausoma wasifu huu kwa Kiswahili kwanza, ili jamaa waliotoka Unguja kuja kumuuguza wasikae kama wageni kwenye msiba wao wenyewe.

Alihitimu Kurani palepale Patsy, kisha akawa anateremka kila asubuhi kwenda shule ya msingi Mutsamudu, ambako alipata cheti mwaka 1958. Wasichana darasani walikuwa wachache, lakini mdomo wake uliwatosha wote. Siku moja chaki ilivunjwa, na mwalimu akamchapa mtoto wa mpagazi bila kumgusa mtoto wa mwenye duka aliyekaa naye dawati moja. Roukaya akasimama. "Mwalimu, huyu umemuuliza, na huyu je?" Akachapwa yeye pia. Baba yake aliposikia alicheka mpaka sindano ikamponyoka, na mama yake akawakasirikia wote wawili.

Mwaka 1962 aliajiriwa kuwa karani wa taipu kwenye kampuni ya kupakua shehena hapa Mutsamudu. Huko ndiko alikoona watu wanavyopata kazi: mjomba anakuja na mpwa wake, wanakunywa chai na mkubwa, na kesho yake mpwa ana ufunguo wa stoo. Jambo hilo lilimkera mno. Mwaka 1967 aliolewa na Bwana Saindou, fundi seremala wa milango ya nakshi, mtu mpole ambaye amemvumilia bila kulalamika mpaka jana. Mwenyezi Mungu akawajalia Mounira na Salimou.

Alipotangaza mwaka 1982 kwamba anakwenda Moroni, mji mkuu ng'ambo ya bahari, kusomea usimamizi wa watumishi, fani ambayo vitabu vipya vinaiita usimamizi wa rasilimali watu, mji mzima ulipata la kusema. Mama wa miaka thelathini na nane, watoto wawili, anakwenda chuoni? Majirani walimwambia kwamba wanawake wa Mutsamudu wamekuwa wakisimamia watu tangu zamani bila chuo. Wengine walimshauri Saindou amfukuze. Saindou akawajibu, "Nyumba ni yake, alijengewa na baba yake. Nimfukuze nilale wapi?" Akabaki na watoto, akajifunza kupika wali, na ule wali wa kwanza tuliula kwa ajili ya heshima tu.

Moroni alipanga chumba kwa Bi Saandia, muuza vitambaa wa soko la Volo Volo, mwanamke asiyenyamaza hata akiwa anakula. Miaka ile, kama miaka hii, askari wa kukodi waliotua mwaka 1978 ndio walioshika kambi, na neno likitoka kambini lilitosha kumpa mtu kazi au kumwondoa. Marehemu aliagiza sentensi hiyo isomwe kama ilivyo, na Mouhidine, ambaye si jasiri kama dada yake, ameisoma.

Mwaka wa pili ulikuwa na mtihani ambao ukiushindwa hupati cheti. Kila mwanafunzi alipelekwa mahali pa kazi ajaze nafasi moja: atangaze, awasaili watu, achague mmoja, kisha asimame mbele ya walimu amtetee aliyemchagua. Roukaya alipewa nafasi ya msimamizi wa ghala la mchele kwenye Bandari ya Moroni. Siku ya usaili alipanga viti kwa mstari, akatangaza kwamba atakayetangulia kufika ndiye atakayetangulia kuingia. Kwa mujibu wa vitabu vyake hakukosea kitu.

Miongoni mwa walioomba alikuwamo Mzee Mmadi, mtu aliyekwisha kufanya ndoa kubwa ya ada, ile ambayo huko Ngazidja, kisiwa chenye Moroni, mwanamume asiyeifanya huhesabiwa mtoto hata akiwa na mvi. Mtu wa daraja lake hupewa kiti cha mbele, na husema yeye kabla ya wengine. Roukaya alikuwa amelisikia hilo, lakini hakujua uzito wake. Akamwita kwanza Soulé, kijana wa ukoo wa wavuvi ambaye hata harusi ndogo hakuwa nayo, kwa kuwa ndiye aliyefika alfajiri. Mzee Mmadi akainuka, akalikusanya joho lake, akatoka. Kwa kuwa ameinuka yeye, wote wakainuka wakamfuata, hata Soulé mwenyewe, aliyekuwa akiomba radhi mpaka mlangoni. Roukaya akabaki peke yake na viti vyake.

Mwalimu wake hakumwonea huruma. Alimwambia kwamba usaili usio na watu hauna maksi, na kama Alhamisi itapita bila usaili, afunge mizigo arudi kwao. Roukaya alikwenda kulia kwa Bi Saandia.

"Umemkalisha mtu mzima pamoja na vijana, halafu unashangaa?" Bi Saandia alimwambia. "Futa machozi, mdogo wangu. Jitande leso yako ya shiromani vizuri, twende kwake."

Mzee Mmadi aliwapokea kwa adabu, lakini uso wake haukukunjuka. Roukaya akaomba radhi kwa habari ya kiti.

"Kazi siitaki kiasi hicho," alisema mzee. "Nilitaka heshima yangu."

"Heshima ni yako, baba, na kiti cha mbele ni chako. Ila nikikuuliza, nitakuuliza lilelile nitakalomuuliza Soulé."

Bi Saandia akamfinya. Mzee Mmadi akataka kujua kama Soulé atalisikia jibu lake. Roukaya akasema mlango utafungwa. "Basi nitakuja," akasema mzee.

Alhamisi alikuja, na wengine wakaja nyuma yake. Akapewa kiti cha mbele, akanywa chai wa kwanza, akaingia wa kwanza. Mle ndani, swali lilikuwa moja kwa wote: mchele umeadimika mjini, na ndugu yako anakuja ghalani kabla ya zamu yake kuomba mfuko, utafanyaje? Mzee Mmadi hakuzunguka. "Nitampa. Nikimnyima, nitakaa wapi mjini?" Akaingia kijana mmoja aliyeletwa kwa neno la kambini, akasema inategemea ni ndugu wa nani. Soulé akajikuna kichwa, akasema, "Nitamwambia asubiri zamu yake. Jioni nitampelekea mchele wa nyumbani kwetu. Mama atanuna, lakini ataninunia mimi tu." Roukaya akamchagua Soulé.

Siku ya kumtetea, chumba cha chuo kilijaa kwa sababu habari zilikuwa zimeenea. Afisa mmoja Mzungu wa kambini aliingia na bastola kiunoni, akakaa bila kukaribishwa, akauliza kwa nini mtu wake ameachwa. Walimu wakaangalia sakafu. Roukaya aliogopa sana. Alitusimulia mwenyewe kwamba Kifaransa chote kilimtoka kichwani. Alijua akimtaja Soulé tena cheti kinakwenda, na huenda na yeye akaenda. Akamtaja.

Hapo akainuka Mzee Mmadi, aliyekuja kusikiliza kama ilivyo haki ya mtu wa daraja lake. "Mimi niliulizwa kabla ya wote," alisema. "Nilijibu vibaya, nikakosa. Ikiwa mimi nimekubali kukosa, ni nani katika mji huu atakayeona aibu kukosa?" Mwalimu akamtafsiria afisa kwa Kifaransa. Katika mji ule, mtu kama yule akishasema hakuna wa kuongeza neno, na chumba kizima kilikuwa kimesimama kwa ajili yake. Afisa akawatazama, akaona wamesimama kwa nani, akachukua kofia yake akatoka.

Soulé alipata kazi, na mpaka leo yuko ghalani. Roukaya alipata cheti chake Julai 1984. Alikuwa akisema nusu ya cheti kile ni ya Mzee Mmadi, na robo ni ya Bi Saandia aliyemfinya.

Kampuni ya hapa Mutsamudu ilimrudisha akiwa mkuu wa watumishi. Wazee aliwapa viti vyao, na maswali aliwauliza wote sawasawa. Mwaka 1986 Mouhidine mwenyewe aliomba kazi ya ukarani, akaulizwa kama wengine, akakosa. Akanuna Ramadhani nzima, na kila magharibi alikwenda kufuturu kwa dada huyohuyo.

Maradhi ya figo yalimwanza Januari mwaka huu. Aliendelea kwenda kazini mpaka Juni, akafarikia nyumbani kwake jana, Alhamisi tarehe 14 Septemba 1989, wakati wa Magharibi, Saindou akiwa amemshika mkono. Nyumba ile imekuwa kubwa mno tangu jana.

Ameacha mume, Bwana Saindou. Mdogo wake, Mouhidine. Mwanawe wa kiume, Salimou. Na binti yake, Mounira, aliyemaliza fani hiyohiyo huko Moroni mwezi Juni. Wakubwa wa kampuni walifika jana usiku kutoa rambirambi. Walisema, kwa wema kabisa, kwamba nafasi ya Bi Roukaya ni ya familia, na Mounira aanze Jumatatu. Mounira aliwashukuru, akalia kwanza, kisha akasema: "Mama hata hajazikwa, nanyi mnataka kunipa alichomnyima mjomba? Tangazeni. Nitakuja kuulizwa."

Familia yote iko pamoja naye, Mouhidine akiwa wa kwanza. Mola amsamehe dada yetu, ampe kauli thabiti usiku wa leo, na ampumzishe kwa amani. Amina.