Kukaanga kwa Masikio

Benchi la kahawa ni mbao mbili juu ya matofali, kwenye kona ya fundi viatu, na kelele za wanaolikalia husikika hadi mtaa wa pili. Hapo Mzee Buli hukaanga kahawa, huitwanga na kuichemsha mbele ya wateja, na kwa miaka kumi na tisa aliongozwa na pua tu. Kisha akaugua homa wiki mbili, nayo ilipoondoka iliondoka na harufu zote. Juzi kikaango kizima kiliungua amekisimamia, hana habari, mpaka moshi ukamwasha macho. Leo alikuwa amejiapia: kikiungua tena, anafunga kazi.

— Mzee, ile ya juzi nimeng'arishia viatu, — alisema Kasuku, fundi viatu.

— Pua imekufa, mwanangu. Leo nakaanga kwa masikio. Nikishindwa, basi tena.

Waliokaa benchini wakacheka. Halafu wakaona yeye hacheki.

— Inawezekana, — alisema Profesa, fundi cherehani. — Pua na sikio ni nyumba moja, milango mbalimbali.

— Kwa hiyo nikipata mafua redio inazima? — aliuliza Kasuku.

— Wewe bisha tu. Punje hizi zimekula jua miezi tisa mtini. Ukizitia moto, jua linadai kutoka.

— Miezi tisa ni kweli, — alisema Shangazi Mboga, aliyechuma kahawa ujanani. — Unachuma tunda jekundu moja moja, la kijani unaliacha. Unamenya, unaloweka mpaka ute uachie, unaosha, unaanika, unageuza kutwa. Wingu likipita tu, mbio kufunika. Halafu unakoboa, unapata kipunje cha kijani, ukikitafuna ni kama nyasi.

— Yaani tunda tamu mnatupa, kokwa ndiyo mnayochoma? — alisema Kasuku. — Aliyeanza hakuwa na akili timamu!

— Hakuna aliyeanza, — alisema Profesa. — Msitu uliungua. Watu wakafuata ile harufu, wakasahau kuzima moto kwenye nyumba zao.

— Nyamazeni, — alisema Mzee Buli.

Kikaangoni punje zilikuwa zimeacha ukijani, zikapita manjano, sasa ni kahawia. Pa. Kisha pa-pa-pa, kama mtu anavunja vijiti vikavu chumba cha pili. Zikatulia. Hapo ndipo Mzee Buli alipoinamisha sikio juu ya kikaango, maana mlio wa pili ni mwembamba, na ukichelewa kuusikia umepata mkaa. Kasuku alishikilia nyundo hewani. Pikipiki ikatokea kwenye kona. Shangazi akasimama katikati ya barabara na kuinua mkono, na dereva akazima injini bila kujua sababu.

Tss. Ta-ta-ta.

Mzee Buli akamwaga punje zote kwenye ungo. Akatwanga, akachemsha, akawamiminia. Kasuku akaonja, akafumba macho.

— Ndiyo yenyewe, Mzee. Wallahi ndiyo yenyewe.

— Jamani, inanukia hiyo! — alisema dereva wa pikipiki, akishusha stendi ya pikipiki yake.

Mzee Buli akamgeukia.

— Inanukiaje?

Dereva akamtazama Profesa. Profesa akakishusha kikombe.

— Inanukia... kahawa.

— Hilo najua.

Shangazi akanusa tena, polepole. Kasuku akakuna kichwa. Mvuke ulipanda mbele ya nyuso zao, na hakuna aliyepata pa kuanzia.

— Tafuteni maneno taratibu, — alisema Mzee Buli, na kuanza kuchambua punje mbichi za kesho.