Mama Chujio Anakabidhi Ufunguo wa Paa

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika kitengo chetu cha kupima hewa ya jiji, Mama Chujio anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Siku moja fundi wa mashine aliugua, naye akaombwa apande paani mara moja tu, abadilishe karatasi ya kunasia vumbi. Hakurudi tena kwenye taipureta.

Tangu hapo amepanda ngazi kila asubuhi na kushuka na karatasi ya jana kwenye kisahani, kama mtu aliyebeba yai. Lifti ilipowekwa, aliikataa kwa maelezo kwamba haijui kwenda polepole.

Chumba chake cha mizani kina sheria moja: asipumue mtu mpaka namba isomwe, maana mizani ile hutikiswa na pumzi. Kila mgeni kazini amesimama pale, mashavu yamevimba na macho yamemtoka, huku Mama akitafuta miwani iliyo kichwani mwake. Mhasibu aliyeingia na marashi alitimuliwa, na hadi leo hupitisha fomu zake chini ya mlango.

Tusimsifu kupita kiasi. Kuna wiki alitangaza hewa chafu kuliko zote tulizowahi kupima. Shule zikafungia watoto ndani, wakubwa wakaitisha mkutano, kumbe mlinzi wetu alikuwa akichemsha chai kwa jiko la mkaa kule paani, nyuma ya mashine, akikwepa upepo. Aliyemfumania ni Mama mwenyewe. Angeweza kunyamaza, lakini aliandika barua ya kukiri kosa, akaisaini na kuibandika ubaoni. Tulimcheka mwaka mzima.

Kicheko kile kilimponza. Mashine yetu nyingine, iliyo kwenye lango la shule ya msingi palipokuwa na kituo cha mabasi, ilipoanza kutoa karatasi nyeusi tii, wakubwa walimuuliza tena habari za chai. Mjukuu wake alisoma pale, na pumu ilikuwa imemtoa darasani mara tatu muhula ule. Mama hakugombana na mtu. Alibeba kiti chake, akakaa kando ya mashine siku kumi, tangu basi la kwanza hadi la mwisho, akiandika kila gari lililosimama likinguruma na kila jiko aliloliona. Mabasi yalijaza daftari zima. Majiko hayakuwapo.

Kituo kikahamishwa. Siku ya kupima karatasi ya kwanza baada ya hapo, hakuna aliyehitaji kukumbushwa kubana pumzi. Namba ilikuwa imeshuka kwa nusu. Mama aliisoma mara mbili, akavua miwani, akalia mbele yetu. Mjukuu bado anatembea na dawa mfukoni, ila muhula uliofuata hakukosa shule hata siku moja.

Chai ya kumuaga itapikwa na mlinzi yuleyule, kwa birika la umeme, ghorofa ya chini kabisa. Mama, ahsante kwa kutufundisha kukiri tunapokosea na kutobanduka tunapokuwa sahihi. Tutakukumbuka sana, pamoja na makeke yako ya mizani. Tunakutakia siku njema nyumbani, madirisha yakiwa wazi. Ufunguo wa paa tumeupokea. Sasa vuta pumzi taratibu. Hakuna anayesubiri namba.